Gemu Zinazokataa

Daftari la Digna lilikuwa na jalada la kijani na kurasa zilizovimba kwa kubebwa kwenye mkoba mmoja na chupa ya chai. Aliligawa sehemu tatu. Juu ya sehemu ya kwanza aliandika: Zinazocheza. Juu ya pili: Zinazocheza kwa kubembelezwa. Ya tatu, fupi kuliko zote, aliiita Zinazokataa.

Lilikuwa daftari la gemu. Digna alikuwa na stashahada ya kompyuta kutoka chuo kimoja cha Moshi mjini, na alifanya kazi kwenye chumba cha gemu cha kaka yake Kornel pale Himo, karibu na njiapanda wanapopumzika madereva wa malori ya kwenda Kenya. Kornel hakuwa kaka wa tumbo moja. Alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa. Lakini tangu baba yake Digna afariki, Kornel ndiye aliyebaki mwanamume wa kusema katika nyumba zote mbili kule Kilema, na akisema ilikuwa imekwisha.

Kompyuta zilikuwa kumi na mbili, zote kuukuu, zilizotolewa kwenye ofisi moja iliyokuwa inaingiza mpya. Mwanzoni zilitumia Windows ya mitaani, ile ya kunakiliwa kutoka flashi ya mtu hadi flashi ya mtu, na haikupita wiki bila mashine moja kulala kwa virusi. Windows mpya haikutaka hata kuzisikia, ilisema zimezeeka. Digna ndiye aliyetoa wazo, kwa ile sauti yake ya mtu anayeomba maji ugenini.

"Kaka, tuweke Linux."

"Linux? Si ile ya mainjinia, ya kuandika maandishi meupe kwenye skrini nyeusi?"

"Hata gemu zinacheza siku hizi. Si zote, kaka. Lakini ni nyingi."

Kornel alimwachia kwa sababu haikuwa na gharama. Kwaresma yote Digna alikaa na mashine hizo, moja baada ya nyingine. Alizifungia kiprogramu kinachoifanya gemu iliyotengenezewa Windows ijione iko kwao, na kila alipogundua jambo aliliandika: hii inataka toleo la zamani la kiprogramu, hii ipunguziwe vivuli vya miti, hii inafunguka mara ya pili tu, ya kwanza usihangaike. Ilipofika Pasaka mashine zote kumi na mbili zilikuwa zinaruka. Magari ya mashindano yalikimbia, ngumi zilipigwa, na virusi vikasahaulika kama surua.

Wateja walimtania, naye alicheka akiwa ameinamisha uso. Aliyemtania kuliko wote ni mzee Elimringi. Huyo alikuwa dereva wa malori miaka yake yote, Himo hadi Mombasa, mpaka sukari ilipomkata mguu wa kulia chini ya goti. Kila Jumamosi asubuhi aliegesha gongo lake ukutani, akakaa mashine namba tatu, na kucheza gemu ya malori kwa vidole viwili vya kila mkono. Hakushindana na mtu. Alipakia mzigo, akaendesha, akashusha.

"Shikamoo mzee. Leo unaelekea wapi?"

"Marahaba binti. Nina shehena ya mbao, na mvua inanyesha huko mbele. Hii Linux yako ina breki kweli?"

"Inazo, mzee."

"Basi niletee chai nisisinzie, polisi wa huku hawana utani."

Alikuwa ameshatimiza kilomita elfu thelathini na moja. Alikuwa na malori manne, na la kwanza, jekundu, alilipa jina la marehemu mkewe, Magdalena.

Mwezi wa nane Kornel alikodi chumba cha pili, Bomang'ombe, nyuma kidogo ya soko. Alimwita Digna akamwambia, mbele ya mama yake Digna, kwamba chumba kile kitakuwa chake kukisimamia. "Funguo zako, utaratibu wako. Baada ya Krismasi unahamia."

Tangu siku hiyo Digna alikuwa na mahali pa kupeleka mawazo yake. Alijua rangi ya kuta. Alijua meza zitakaa kushoto, kwa sababu jua la Bomang'ombe la mchana lingeingia dirishani na kupiga skrini. Zaidi ya yote alijua kwamba atakuwa anafungua mlango asubuhi bila kumuuliza mtu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na hajawahi kufungua mlango wa namna hiyo.

Desemba ikaja, na watu wakarudi nyumbani kama kawaida yao. Barabara ya kupanda Kilema ikajaa magari yenye vumbi la Dar, na kila kihamba, shamba la ukoo la migomba, kikawa na moshi wa kuchoma na kelele za watoto wasiojua Kichagga. Tarehe ishirini na mbili, nyumbani kwa akina Kornel, wanaume walikaa chini ya migomba na mbege yao, pombe ya ndizi, wakipanga nani atachinja nini. Alikuwepo pia Mathew, shemeji yake Kornel, kijana wa Dar mwenye simu mbili na miwani ya jua juu ya nywele. Digna alikuwa anapita na sinia la ndizi nyama.

"Tarehe ishirini na saba," Kornel alitangaza, "Himo tunafanya ligi. Ile gemu mpya ya mpira, ya mwaka huu huu. Vijana wote waliotoka mjini waje. Nimeshainunua."

Digna alisimama na sinia lake. Gemu ile aliijua. Ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye sehemu ya tatu ya daftari. Waliotengeneza gemu hiyo wameiwekea mlinzi wa kukamata wanaoiba ushindi, na mlinzi huyo hukagua mashine hadi uvunguni. Akikuta Linux anafunga mlango, na hakuna kiprogramu cha kumdanganya.

"Kaka," alisema karibu na sikio la Kornel, "hiyo ni ya zinazokataa. Tucheze ile ya zamani, ya kabla hawajaweka mlinzi. Ile inafunguka."

"Watu wametoka Dar uwape kiporo?" Kornel aliongea kwa sauti ili wote wasikie. "Haikatai. Digna ataibembeleza. Si ndiyo, Digna?"

Watu walicheka, cheko zuri tu, la sikukuu. Mama mkubwa Dominika, mama yake Kornel, alimtazama Digna kutoka mlangoni mwa jiko, jicho la kumwambia asimame vizuri mbele ya wageni. Digna akagawa ndizi.

Jioni hiyo alimwandikia Kornel kwenye simu. Aliandika kwa makini, akafuta, akaandika tena. "Kaka Kornel, ile gemu mpya ya mpira haitafunguka kwenye mashine zetu hata nikifanya nini. Si suala la kubembeleza. Naomba ubadilishe tangazo kabla ya tarehe 27." Tiki mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja. Digna akajiambia kwamba mtu akisoma amesikia.

Siku ya ligi chumba cha Himo kilijaa mpaka nje. Walikuja vijana na dada zao na wajomba zao, wengine na jezi kabisa. Mama mkubwa Dominika alileta sufuria mbili za pilau. Mathew ndiye aliyekuwa mtangazaji. Kornel akabonyeza mwenyewe mashine ya kwanza. Kibao cha gemu kikatokea, muziki ukaanza, watu wakapiga makofi. Kisha maandishi yakatokea kwamba mfumo huu hauruhusiwi, na gemu ikajifunga. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Ilipofika ya sita, hakuna aliyekuwa anapiga makofi.

"Dada, kwani hiyo Linux inacheza drafti tu?" mmoja akauliza.

"Linux si ni dawa ya mafua?" mwingine akadakia. Chumba kikaangua kicheko.

Kornel hakucheka. Alikuwa amevaa shati jipya, na jasho lilikuwa limeshaligeuza rangi mgongoni. "Huyu ndiye fundi wetu," alisema akimnyooshea Digna kidole. "Huyu ndiye aliyenijazia mashine zangu na vitu vya bure. Nimemwambia mbele ya watu aandae gemu, akanyamaza kimya, maana yake sawa. Leo ananiaibisha."

"Nilikuandikia, kaka," Digna alisema.

"Uliandika wapi? Sema watu wasikie."

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sweta. Alikuwa ameshaishika. Angeitoa, angewasha, tiki mbili za buluu zingeonekana hata na aliyekaa mlangoni. Lakini pale mlangoni alisimama mama mkubwa na kijiko cha pilau mkononi, akimwangalia mwanawe aliyelowa jasho mbele ya watu, na uso wake ulikuwa wa mama yeyote. Digna aliona kwamba akiitoa simu, Kornel atakuwa mwongo mbele ya ukoo mzima, wakati wa Krismasi.

Akaiachia simu mfukoni.

"Samahani, kaka," alisema.

Neno hilo moja lilitosha. Mpaka mwaka mpya, kila aliyesimulia habari ile alimalizia hivyo hivyo: mwenyewe aliomba samahani.

Kesho yake Mathew alikuja na flashi yake. Digna aliwahi asubuhi, lakini alimkuta ameshafika mashine ya nane.

"Kaka Mathew, subiri kidogo. Kuna kumbukumbu za wateja humo. Niache nizihamishe."

"Kumbukumbu za nini, dada? Za gemu?" Mathew hakugeuka. "Nimeshafuta. Sasa hivi tunaweka Windows ya wanaume."

Digna alitazama mashine namba tatu. Skrini yake ilikuwa ya buluu tupu, ikihesabu asilimia.

Jumamosi iliyofuata mzee Elimringi aliegesha gongo, akakaa, akakaa sana. Kisha akauliza bila kupandisha sauti, "Binti, malori yangu yako wapi?"

Digna alimwambia yamefutwa.

"Yote?"

"Yote, mzee."

"Na Magdalena?"

Digna alitikisa kichwa. Mzee alichukua gongo lake. "Basi," alisema. "Basi, binti. Si wewe." Na kwa kuwa alisema si wewe, Digna alikwenda nyuma ya chumba, kwenye pipa la maji, akalia.

Siku tatu baadaye Kornel alimwambia apumzike nyumbani kidogo, mambo yatulie. Kuhusu Bomang'ombe hakusema kitu, naye hakuuliza.

Alikaa Kilema akimsaidia mama yake kupogoa migomba na kumkatia ng'ombe majani. Habari za Himo zilimfikia zenyewe. Ile gemu ya mpira ilifunguka kwenye mashine mbili tu, zilizobaki zilikuwa dhaifu mno kwa Windows aliyoweka Mathew. Na hizo mbili mlinzi aligundua kwamba mfumo ni wa wizi, akaifungia akaunti moja kwa moja. Kisha virusi vikarudi. Katikati ya Januari mashine saba zilikuwa haziwaki. Wateja walihamia kwingine.

Mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, mama mkubwa Dominika alikuja. Alivaa kanga yake ya kanisani, na mkononi alishika jani la sale.

Digna alijua maana yake kabla hajasalimia. Kila mtoto wa mlimani anajua. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale, au akimtuma mkubwa akuletee, hukatai. Hata kama alichinja ng'ombe wako. Ukikataa, kosa linahama, linakuwa lako.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa na kaka yako. Yupo pale barabarani, anaona haya kuingia. Anasema alikosea kukusema mbele ya watu." Alinyoosha jani kwa mikono miwili. Lilikuwa refu, la kijani iliyokolea, bado na umande. "Pokea, yaishe."

Mama yake Digna alikuwa amesimama pembeni, ameshika ndoo.

Digna alipokea. Kifuani kwake kitu kilichokuwa kimekaza mwezi mzima kililegea, akaona aibu jinsi kilivyolegea upesi. Hakuwa hodari wa chuki. "Nimesamehe, mama mkubwa."

"Mungu akubariki. Basi kesho teremka Himo. Uzirudishe zile mashine kama zilivyokuwa, na hiyo Linux yako. Mathew amezishindwa."

"Na Bomang'ombe?" Aliuliza kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe.

Mama mkubwa alirekebisha kanga begani. "Bomang'ombe kaka yako alishampa Mathew tangu mwaka mpya. Hayo ni mambo mengine, mwanangu. Usichanganye na msamaha."

Mama mkubwa alipoondoka, Digna alibaki na jani mkononi. Alikwenda nalo hadi mpakani, kwenye mstari wa masale ambao baba yake aliupanda kugawa kihamba chao na cha baba mkubwa. Alitaka kulichomeka pale, likae na wenzake. Ndipo alipoona. Sale la tatu kutoka njiani lilikuwa limenyofolewa jani, upande wa kwao. Jeraha lilikuwa bichi, linatoa maji. Aliweka jani pale palipokatika. Lilikaa sawasawa.

Kornel hakuwa ameleta jani. Alikuwa amekuja mikono mitupu hadi barabarani, ndipo akakumbuka, au mama yake akakumbuka, na wakachuma la kwanza lililokuwa karibu. Msamaha wa kuombwa kwa jani la aliyekosewa.

Alirudi jikoni. "Mama, limekatwa kwetu."

Mama yake alikuwa anamenya ndizi. "Niliwaona," alisema. "Nilikuwa natoka zizini."

"Mbona hukusema?"

Mama alimtazama, si kwa ukali. "Wewe ulisema nini, siku ile ya pilau?"

Kesho yake Digna aliteremka, kwa kuwa alikuwa amesema amesamehe, na mashine hazikuwa na kosa. Alifanya kazi siku tatu. Hakuharakisha wala hakulipua. Ilikuwa tabu yake hiyo: kazi mbovu hakuijua. Siku ya tatu, Jumamosi, zote kumi na mbili zilikuwa zinaruka tena, na mzee Elimringi alikuwa amekaa namba tatu mbele ya lori moja dogo, la kukodi, kilomita sifuri. Gemu ilimuuliza jina lake, akaliandika herufi moja moja.

Kornel aliingia na Mathew. Alikuwa na furaha. Aliwagonga wateja mabegani. "Mnaona? Damu ni damu. Digna, Mathew anahamia Bomang'ombe Jumatatu, na huko nako anaweka Linux, tumeona faida yake. Mpe lile daftari lako la kijani."

"Lile la zinazocheza na zinazokataa," Mathew alisema, mkono umeshanyooka. "Nitalitunza, dada."

Daftari lilikuwa juu ya meza. Digna alilichukua, akaliweka mkobani, akafunga zipu.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" Kornel bado alikuwa anatabasamu. "Umepokea sale, Digna. Usianze."

"Nilipokea." Alisema polepole, na kila neno lilifika. "Lilikuwa sale la marehemu baba. Mlilikata kwetu, mpakani, mkielekea kuniomba msamaha. Hata jani hukuleta, kaka."

Hakuna aliyecheka. Kornel alitazama wateja mmoja mmoja, kama anayetafuta nani ataanza kumcheka. Jasho lilianza kumtoka. Na Digna, ambaye alidhani siku akisema ataona raha, alimhurumia kama alivyomhurumia siku ile ya pilau. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii neno lilishatoka.

"Ondoka," Kornel alisema taratibu. "Usikanyage tena hapa."

Alichukua mkoba. Alipofika mlangoni, mzee Elimringi alimwita bila kutoa macho kwenye skrini, maana alikuwa kwenye kona. "Binti, nimefika kilomita ya nne."

"Endesha polepole, mzee."

Kilema alifika mchana, kwa miguu. Alijua maneno yalikuwa yamemtangulia kwa simu: kwamba amepokea sale na bado ana kinyongo, kwamba chuo kimemharibu. Mama mkubwa Dominika hakuitika salamu yake njiani. Mama yake alimwekea chakula, akakaa karibu naye mpaka akamaliza.

Kisha Digna alilitoa daftari, akalipangusa vumbi, akaliweka juu ya kabati kando ya cheti cha chuo. Lilikuwa lake, hakuna aliyelichukua. Mashine ya kulifanyia kazi hakuwa nayo hata moja.